Nukta Nyekundu Getini kwa Strickland

Mistari ya chaki ilikuwa kwenye nguzo ya geti, upande wa ndani, mahali ambapo mtu aliyekaa kwenye gari haoni kitu. Mpelelezi Ysidra Montaño aliiona kwa sababu alishuka, akaegemea nguzo, akavua kiatu kutoa jiwe.

"Hii nini, Bwana Strickland?"

"Hesabu."

"Ya ng'ombe?"

"Ng'ombe wangu nawajua kwa sura. Hiyo ya wajinga."

Doyle Strickland alisimama ng'ambo ya geti na hakuwa ametoa funguo. Alikuwa na miaka sitini na nane, kofia iliyochoka, na shati lililofungwa vifungo mpaka shingoni katika joto lile la Julai.

"Kila gari linalokuja kuniuliza visahani vya viumbe wa angani vilitua wapi, nachora mstari mmoja," alisema. "Wakili wangu ndiye aliyeniagiza. Anasema tukifika mahakamani jaji atataka tarehe na idadi, hatataka kusikia hasira zangu."

"Jana walikuja wangapi?"

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Wao hupenda Jumamosi. Jumanne wanalala."

Ysidra alivaa kiatu chake taratibu. Mtu aliyekuwa akimtafuta aliitwa Verna Tillotson, mwalimu mstaafu, miaka sabini na tatu. Jana Jumanne asubuhi alitoka nyumbani kwake Vado Hondo akamwambia mdogo wake, Opal, kwamba anakwenda kuona mahali fulani na atarudi kwa chakula cha jioni. Hakurudi. Sasa ilikuwa Jumatano, saa tano na nusu. Verna alikuwa na kisukari cha kudungwa insulini asubuhi na jioni, na insulini yenyewe ilikuwa kwenye friji la Opal. Sindano ya jana jioni ilimpita. Ya leo asubuhi ilimpita. Daktari wake, kwenye simu, hakutaka kuzungumzia ya leo jioni.

Mezani kwa Verna, Ysidra alikuta ramani iliyochapwa na nukta moja nyekundu iliyozungushiwa kalamu. Nukta hiyo ilikaa juu ya ranchi ya Strickland. Kampuni ya simu ilisema simu ya Verna ilisikika mara ya mwisho jana mchana kwenye mnara unaohudumia ranchi hiyo na mwanzo wa jangwa la kusini yake. Na mwezi wa tano, Doyle Strickland alipasua kwa risasi tairi la mtalii hapa hapa getini. Ukipanga mambo hayo kwenye mstari, yanakuleta kwa mzee huyu moja kwa moja, na sherifu, mkuu wake, alikuwa amekwisha kuyapanga.

Ysidra aliinama tena. Tarehe 9, mistari miwili. Tarehe 12, sita. Tarehe 13, minne. Tarehe 14, mmoja. Tarehe 15, ambayo ilikuwa jana, imeandikwa, na pembeni yake pana doa jeupe upana wa kidole gumba.

"Tarehe kumi na kumi na moja ziko wapi?"

"Hakuja mtu siku hizo."

"Kwa hiyo siku asiyokuja mtu huiandiki."

Doyle alirekebisha kofia yake.

"Na ya jana umeiandika."

"Mvua imefuta huo... imefuta hapo."

"Imefuta nini? Umesema hakuna aliyekuja." Ysidra alitazama juu. Kusini mawingu yalikuwa yanaanza kujijenga, meupe bado, lakini mvua haikuwa imegusa Kaunti ya Sacate kwa siku kumi na mbili. "Na hii mvua yako, Bwana Strickland, imenyeshea nguzo moja tu, tena upande wa ndani?"

"Una hati ya mahakama?"

"Sina."

"Basi sina maneno." Alishika geti kwa mikono miwili. "Nenda kamuulize Pell, yule wa kompyuta pale mjini, kwa nini kaweka nukta yake juu ya kitanda changu! Nimemwandikia mara kumi na moja. Kumi na moja, mama! Hajanijibu hata 'pole mzee'."

Redio ya gari ikakoroma. Sherifu Burl Hatcher.

"Montaño, umempata?"

"Nimempata mzee. Anaficha kitu."

"Basi mfunge pingu tuendelee. Nimepewa helikopta ya jimbo mpaka saa tisa. Rubani anasema mawingu yakikomaa hataruka. Naipeleka ranchi yote ya Strickland, kuanzia kaskazini."

"Nipe saa moja, Burl."

"Ya nini?"

"Verna alikuwa na taarifa ya kijeshi ya kurasa mbili. Mezani nimekuta wa kwanza tu, kona ina tundu za pini. Wa pili ametoka nao. Nataka kujua unasema nini kabla hatujachimba uwanja wa watu."

"Kujua utajua. Mama wa watu anakauka, wewe unataka kusoma."

"Njoo ukae hapa getini. Usimguse mpaka nikuite."

Simu yake ikaita kabla hajawasha gari. Opal, mara ya saba tangu alfajiri. Ysidra aliitazama ikaita mpaka ikanyamaza. Hakuwa na la kumwambia, na mtu asiye na la kumwambia ndugu wa aliyepotea ni heri asipokee.

*

Ofisi ya Garrick Pell zamani ilikuwa duka la kufulia nguo kwa mashine za sarafu, na bango la kukataza watu kutia nguo rangi ndani ya mashine lilikuwa bado ukutani. Pell mwenyewe alikuwa na miaka kama arobaini, ndevu chache, na burito, chapati iliyokunjwa yenye pilipili mbichi, mkononi. Kabla ya kuhamia Vado Hondo alichorea kampuni ya bima ramani za mafuriko.

"Afande, karibu. Kama ni habari ya kelele za jenereta, nilishaongea na jirani."

"Kwa nini hupokei simu?"

"Napigiwa na watu mia kwa siku. Nusu yao wametekwa na viumbe, nusu wanataka kutekwa."

Ysidra aliweka picha ya Verna juu ya kibodi. Alimweleza kwa sentensi nne. Burito ikarudi kwenye karatasi yake.

"Nionyeshe hicho chombo chako," alisema Ysidra.

Kiliitwa Dirisha. Pell alikuwa amekusanya mafaili ya siri ambayo serikali imeyafungua kwa miaka mingi, taarifa za marubani, za walinzi wa kambi, za wakulima, kila aliyewahi kuripoti taa au chuma asichokijua angani. Mashine ilisoma karatasi hizo moja moja, ikatoa tarehe, saa, mahali, kisha ikaziweka kwenye ramani. Uliandika neno, ramani ikawaka. Ysidra alikiri moyoni kwamba kilikuwa kitu kizuri. Kurasa elfu tisini zilizokuwa zinaliwa na vumbi, sasa mwalimu mstaafu anazifungua jikoni kwake.

Pell alisogeza ramani mpaka Kaunti ya Sacate. Nukta ndogo chache, halafu moja kubwa, nyekundu, na namba 43 katikati.

"Hii ndiyo nukta yetu maarufu," alisema, na sauti yake ikapata joto. "Matukio arobaini na matatu sehemu moja. Hakuna nukta kama hii jimbo zima."

"Fungua."

Orodha ikashuka. Ysidra alivuta kiti akasoma kwa kidole, kama mtu anayesoma mashitaka. Taa karibu na daraja la reli. Kitu cha mviringo nyuma ya kanisa. Mlinzi wa zamu, kusini mwa kambi. Alisimama kwenye ya nne, akarudi ya kwanza.

"Daraja la reli liko wapi kwa Strickland?"

"Sijui, mimi si mwenyeji sana."

"Mimi ni mwenyeji. Reli iko maili thelathini kutoka pale, na haijawahi kuwa karibu zaidi. Kanisa ndiyo usiseme. Doyle Strickland hajakaribia kanisa tangu afunge ndoa." Aligeuza kiti. "Haya yote yamefikaje kwake?"

Pell akajikuna shingo. "Ah. Hiyo ni... Taarifa nyingi za zamani hazina vipimo vya mahali. Mlinzi anaandika tu, Kaunti ya Sacate. Au anataja kitu ambacho mashine haikitambui. Sasa programu haiwezi kuacha taarifa inaelea, lazima iiweke mahali. Kwa hiyo inaiweka katikati."

"Katikati ya nini?"

"Ya kaunti. Inapima mipaka inapiga hesabu. Ni mahali popote tu, afande. Sehemu ya kuwekea."

"Popote tu," alisema Ysidra, "ni getini kwa Doyle Strickland."

Pell alisukuma burito kando.

"Watu wanaendesha gari kutoka majimbo matatu," Ysidra aliendelea, "wanalala kwenye malisho ya huyu mzee, wanakata waya wake, wanatisha ng'ombe wake, kwa sababu kompyuta yako haikujua pa kuweka karatasi?"

"Maelezo yapo. Chini ya ukurasa."

"Wapi?"

Akamwonyesha. Herufi za kijivu, ndogo, zinazohitaji mtu mwenye macho ya umri wa miaka kumi na nane.

"Verna Tillotson ana miaka sabini na tatu," alisema Ysidra. "Nataka kuona alichotafuta jana."

"Hapo hapana." Pell alijibu haraka mno, kama jibu alilolikariri. "Afande, nielewe. Hawa watu wangu wanaamini serikali inawafuatilia. Mimi niliwaapia kwamba sitampa polisi kumbukumbu zao hata siku moja. Nikitoa jina moja, kesho Dirisha halina mtu."

"Unajua insulini inakaaje mwilini, Garrick?"

"Sijui."

"Haikai. Yake iko kwenye friji la mdogo wake. Mwili wake sasa hivi unajipikia sumu, saa baada ya saa, juani. Saa tisa helikopta inatua kwa sababu ya mawingu, na itakuwa imezunguka mahali ulipochagua wewe kwa hesabu ya mipaka. Sasa niambie habari za kiapo chako."

Ukutani saa ilionyesha saba kasoro dakika tano. Pell aliitazama, akaitazama picha ya Verna, akavuta kibodi kutoka chini yake.

"Sikukulazimisha," alisema Ysidra.

"Umenilazimisha kabisa."

Jina la Verna likatokea. Kwa wiki mbili alikuwa anafungua faili lile lile: tarehe 6 Novemba 1957, mlinzi wa kambi ya anga, Koplo Leland Tillotson.

"Baba yake," alisema Ysidra. Opal alikuwa amemsimulia asubuhi. Koplo Tillotson aliona taa imesimama angani dakika ishirini, akaripoti kama alivyofundishwa, na kwa ukweli wake akapelekwa kwa daktari wa vichaa na kutolewa jeshini. Alikufa watu wakimwita Leland wa Mwezini. Verna alitaka kitu kimoja tu, kusimama pale aliposimama baba yake.

"Jana saa saba na dakika kumi na nane amefungua faili kwa simu," Pell alisoma. "Ukurasa wa pili. Amekaa nao dakika kumi. Baada ya hapo hakuna kitu."

"Nipe ukurasa wa pili."

Ulikuwa picha mbovu, nusu yake wino mweusi wa mkaguzi wa siri, nusu yake ukungu. Ysidra aliutazama karibu, akautazama mbali. Hakuona neno la maana.

"Mashine nayo ilishindwa kuusoma," alisema Pell. "Ndiyo maana ikautupa katikati."

"Kwa hiyo alifika getini kwa Strickland, akasimama, akafungua huu ukurasa, akausoma dakika kumi. Mwalimu. Miaka arobaini anasoma miandiko ya watoto." Ysidra alikuwa anaongea na meza. "Mwalimu akiona kosa anafanya nini?"

Pell alikuwa amegeuka rangi. Mkono wake ulikwenda kwenye kona ya kioo, kwenye kitufe kidogo kilichoandikwa *Sahihisha*.

"Mtu akiona nukta imekosewa anaweza kutuandikia," alisema. "Inaingia kwenye foleni. Mimi naisoma, naikubali."

"Foleni ina wangapi?"

"Mia tatu na kumi na wawili."

"Mara ya mwisho kuisoma?"

"Februari."

Ysidra alimwonyesha kitufe kwa kidevu, na Pell angependelea atukanwe. Akabofya. Foleni ikafunguka. Jina la Strickland, D. lilikuwa humo mara kumi na moja, kila moja na maneno machache kuliko iliyotangulia. Ya mwisho ilikuwa neno moja: *Tafadhali*. Pell akaipita haraka. Chini kabisa, jana, saa saba na dakika thelathini na moja mchana:

*Nukta yenu ya 6 Novemba 1957 si sahihi. Nimefika pale. Kuna bwana mwenye bunduki na hakuna kinu cha upepo hata kimoja. Someni ukurasa wa pili, mstari wa tatu kutoka chini. Wino umeruka maneno mawili: Kinu 9. Baba alikuwa akiitaja namba tisa kila mara, sisi tulidhani ni homa. Niko njiani nakitafuta, njia hii ya kusini ina mabaki ya vinu. Nikikipata nitawatumia picha ili mrekebishe. V. Tillotson.*

Pell aliusoma ujumbe mara mbili.

"Ilikuwa hapa," alisema Pell. "Tangu jana. Ilikuwa hapa hapa."

"Tafuta Kinu namba tisa."

Vidole vilikimbia. Dirisha likafikiri, likaleta mambo matatu: kinu cha unga cha jimbo jingine, kampuni ya karatasi, na askari mmoja aliyeitwa hivyo kwa jina la ukoo. Ramani za serikali hazikuwa na kitu. Pell alijaribu kwa maneno mengine, akajaribu tena.

"Haipo, afande. Haipo popote."

"Ipo," alisema Ysidra, tayari amesimama. "Haipo kwenye kompyuta. Chukua simu yako twende."

*

Aliita redioni akiwa anaendesha maili tisini kwa saa, Pell kando yake ameshika mkanda kwa mikono miwili.

"Burl, mpe Strickland redio."

"Strickland nimemkalisha kwenye gari langu. Helikopta imeshaanza kaskazini."

"Mpe."

Mkwaruzo, kisha pumzi ya mtu mzima.

"Bwana Strickland, Kinu namba tisa kiko wapi?"

Barabara ilimezwa chini ya gari, nguzo baada ya nguzo.

"Nani kakwambia namba?" aliuliza Doyle.

"Verna Tillotson. Kiko wapi?"

"Zamani ardhi yote hii ilikuwa ya kampuni moja ya ng'ombe, na vinu vyao vya kuvutia maji walivipa namba. Baba yangu ndiye aliyevitia mafuta. Cha tisa hakiko kwangu. Kiko kusini, ukivuka korongo la mchanga, maili kumi na nne. Kinu chenyewe kilianguka nikiwa kijana. Limebaki tangi la saruji."

"Gari dogo linafika?"

"Linafika korongoni. Kutoka halitoki."

Ysidra akabana usukani. "Sasa nirudishie mstari wangu wa tarehe kumi na tano."

Sherifu akaingilia: "Mzee, sema."

"Alikuja," alisema Doyle. "Saa saba. Gari la bluu. Nilikuwa nimechoka, mama, hujui. Nilipiga juu, hewani, mara moja tu. Akarudi nyuma na gari, akasimama pale mbali kitambo, halafu akageuzia kusini, njia ya zamani. Nikasema ataona mwenyewe haina mwisho mzuri atarudi. Nikaingia ndani. Leo asubuhi nasikia kwenye redio anatafutwa. Nikaona watasema nimemuua."

"Ukafuta mstari."

"Nikafuta." Redio ilikwaruza. "Alianza kuniuliza kitu. Aliteremsha kioo akasema, samahani, unajua kinu... Sikumwacha amalize."

Kisha sherifu, kwa sauti ya chini: "Ysidra. Rubani ananiambia mafuta na hali ya hewa ni ya mzunguko mmoja. Nikiitoa kaskazini, hairudi kaskazini. Una uhakika?"

Alichokuwa nacho Ysidra ni maneno mawili chini ya wino, na kumbukumbu ya mtu aliyedanganya tangu asubuhi. Kusini mawingu yalikuwa yamegeuka bluu ya chuma chini yake. Ilikuwa saa nane na dakika kumi.

"Mpeleke kusini."

"Akiwa kaskazini, hilo ni lako."

"Ni langu. Na mwachie Strickland aongoze njia kwa pikapu yake. Yeye yuko karibu kuliko sisi sote."

"Huyu? Nimwachie huyu?"

"Kuna mwingine anayeijua njia?"

*

Walipofika korongoni, gari la bluu lilikuwa limezama mchangani mpaka kwenye vitovu vya matairi. Milango imefungwa. Ndani hakuna mtu. Chupa mbili za maji kiti cha mbele, tupu zote. Pell alishuka akaita jina mara tatu, na jina likaenda likapotea.

"Viatu," alisema Ysidra.

Alama zilikuwa ndogo, za mtu anayeburuta mguu mmoja, zikielekea upande wa pili. Juu yake zilikanyagwa na matairi mapana ya pikapu ya Strickland, ambayo ilikuwa imevuka korongo mahali pengine na kukata moja kwa moja. Walizifuata kwa mbio, na mbio za mwanamke wa miaka hamsini na mbili kwenye joto lile si mbio, lakini hakusimama. Ngurumo ya kwanza ilipita juu yao. Nyuma ya ngurumo, nyembamba, sauti ya helikopta.

Tangi lilikuwa kijivu, duara, kimo cha mtu. Upande wa kivuli Doyle Strickland alikuwa amepiga magoti. Kofia yake aliishika juu ya uso wa mtu aliyelala, na kwa mkono wa pili alikuwa analowesha midomo kwa kitambaa.

"Yuko hai?" aliuliza Ysidra.

"Anapumua vibaya. Anapumua kama ng'ombe aliyekunywa maji ya chumvi." Doyle hakuinua kichwa. "Nimemwambia amalizie swali lake. Hanisikii."

Pumzi za Verna zilikuwa nzito, za haraka, na zilinuka utamu kama tunda lililovunda. Ysidra alikuwa ameambiwa harufu hiyo na daktari asubuhi. Alimshika mkono, akauminya, na mkono haukumjibu. Helikopta ikashuka, vumbi likasimama kama ukuta, wauguzi wawili wakatoka wameinama. Mmoja akapiga magoti, akachoma kidole, akasoma kimashine cha kupima sukari, akamtazama mwenzake kwa namna ambayo Ysidra angependa asingeiona.

"Anaishi?" aliuliza.

"Saa moja zaidi hapa, asingeishi. Sasa tuache tufanye kazi."

Wakamnyanyua. Kitu kikaanguka kutoka mapajani pake mchangani, na Doyle akakiokota. Simu. Kwenye kioo palikuwa na picha: tangi hilo hilo, na juu ya saruji, kwa rangi nyeusi iliyobabuka, namba 9. Chini ya picha, maneno madogo: *Haijatumwa. Hakuna mtandao.*

Alikuwa amefika. Jana hiyo hiyo, amesimama pale aliposimama baba yake, akapiga picha aliyoahidi, halafu akakaa chini kusubiri nguvu za kurudi.

Matone makubwa yalianza kuanguka helikopta ilipokuwa tayari nukta kaskazini. Wakarudi kwa msafara, pikapu mbele. Doyle hakuulizwa kitu, na sherifu, aliyekutana nao njiani, alimtazama Ysidra akaziweka pingu zake kiunoni. Yatakuja maswali ya risasi na ya kumdanganya polisi. Yatakuja kesho.

Simu ya Verna ilikuwa kwenye dashibodi, betri asilimia nne. Walipopanda kilima ambapo geti la Strickland linaonekana, kioo chake kikawaka chenyewe. Sekunde chache, halafu mfukoni mwa Garrick Pell kitu kikalia, mlio mdogo.

Akaitoa simu yake. Akaisoma. Ysidra hakuhitaji kuuliza.

"Mia tatu na kumi na tatu," alisema Pell.

"Fungua."

Aliifungua. Alikaa na ile picha mkononi mvua ikipiga kioo cha gari, kisha akaanza kubonyeza, polepole, kwa kidole kimoja. Kwenye ramani ile nukta kubwa nyekundu ikatetemeka. Arobaini na tatu ikawa arobaini na mbili. Pell hakusimama hapo. Alishika nukta yote, akabofya tena, akaifuta.

Mbele yao pikapu ilisimama. Doyle Strickland alishuka akiwa hana kofia, kwa kuwa kofia ilikwenda na helikopta. Alitoa kipande cha chaki mfukoni, akakinga nguzo kwa mwili wake ili mvua isiipate, akachora mstari mmoja kwenye tarehe kumi na tano.

Simu ya Ysidra ikaita. Opal, mara ya kumi na mbili. Alipokea kabla haijalia mara ya pili.